Majani tele, tunda hakuna: mwongozo kamili wa kuielekeza nguvu ya nyanya kwenye uzazi

Kila msimu wa mvua malalamiko ni yaleyale, kuanzia Ndosho hadi Himbi, mitaa ya mji wetu wa Goma. Nyanya imepanda mpaka inagusa bati, shina limenenepa kuliko kidole gumba, majani ni ya kijani kilichoiva, lakini ukichuma matunda hayajazi hata sahani. Mwenye bustani akiuliza jirani, jibu analijua kabla hajapewa: ongeza mbolea. Anaongeza. Mmea nao unaongeza majani.

Mmea huo si mgonjwa wala si mvivu. Una nguvu nyingi, ila unaitumia pasipo faida kwako. Jani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Sukari hiyo hupita kwenye mirija ya shina, juu na chini, na kumfikia yeyote anayeivuta: mizizi, ncha inayorefuka, machipukizi ya pembeni, maua, matunda. Hii si likelemba, ule mchango wa upatu ambamo kila mtu ana zamu yake. Anayevuta kwa nguvu ndiye anayepata. Ua changa ni mvutaji dhaifu kuliko wote. Tunda lililokwisha kushika na kuanza kunenepa ni mvutaji hodari. Kazi yako yote iko hapo katikati: kulivusha ua hadi liwe tunda, kwa kuwapunguza washindani wake bila kuyakata majani yanayolilisha.

Mfano wetu ni nyanya kwenye magunia au kwenye parseli (kiwanja cha nyumbani) ya mawe ya volkano, maana ndivyo wengi wetu Goma tunavyolima. Mwishoni nimegusa mimea mingine michache.

Vinavyohitajika

- Miche 6 hadi 10 ya nyanya, au mimea uliyonayo tayari. Ukianza na mingi mno hutaweza kuitazama kila asubuhi.
- Gunia au ndoo ya lita 20 kwa kila mmea, iliyotobolewa chini. Gunia dogo kuliko hilo hukauka kabla ya saa nane mchana.
- Udongo mweusi wa shambani, ule unaoletwa kwa chukudu (baiskeli ya mbao ya kusukuma), na changarawe ya volkano kidogo.
- Samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza kabisa, miezi 3 au zaidi. Ukiishika mkononi inanuka udongo, hainuki zizi.
- Majivu ya makala (mkaa) au kuni, makavu, yaliyochekechwa. Yasiwe ya jiko ambamo plastiki imechomwa.
- Fimbo za mianzi au mikaratusi za mita 1.5 hadi 2, na vipande vya kitenge cha zamani vya kufungia. Waya hukata shina.
- Wembe au mkasi mdogo, na javeli (dawa ya kung'arishia nguo) kidogo kwenye maji (sehemu 1 kwa sehemu 9) ya kuusafishia kila unapohama mmea mmoja kwenda mwingine.
- Nyasi kavu au maganda ya maharagwe ya kufunika udongo.

Anayevuta sigara aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa nyanya. Kuna virusi vya tumbaku vinavyohamia kwenye nyanya kupitia vidole, na havina dawa.

Hatua ya 1: Jua una nyanya ya aina gani

Wengi huruka hatua hii, kisha wanaharibu kila kitu kwenye hatua ya 5.

Kuna nyanya fupi ambayo shina lake huishia kwenye ua na kusimama hapo. Roma VF, inayouzwa sana madukani kwetu, ni ya kundi hili. Kuna na nyanya ndefu ambayo ncha yake haikomi kurefuka mpaka mmea ufe.

Usitegemee maneno ya muuzaji, hesabu majani. Kwenye nyanya ndefu, kati ya kichala kimoja cha maua na kinachofuata kuna majani 3. Kwenye fupi kuna jani 1 au 2, na mwishowe ncha yenyewe hugeuka kichala.

Sababu ya kujua: nyanya fupi huzaa kwenye matawi yake ya pembeni. Ukiyang'oa, umeng'oa mavuno. Ile ndefu, ukiyaacha matawi yote, yatakula sukari ya maua. Ushauri unaoifaa moja unaiua nyingine.

Hatua ya 2: Soma mmea kabla ya kuugusa

Simama mbele ya mmea asubuhi na uutazame kuanzia juu. Kila dalili inakuonyesha sukari inakwenda wapi.

*Shina nene, majani ya kijani kilichoiva, ya juu yamejikunja kuelekea chini, maua machache.* Nitrojeni imezidi. Hii ndiyo hali ninayoikuta mara nyingi kuliko zote, na chanzo chake kwa kawaida ni mavi ya kuku yaliyotiwa mabichi. Nitrojeni huamsha ncha na machipukizi, na hao ni wavutaji wakubwa. Ua halipati kitu.

*Shina jembamba, refu, pingili ndefu, rangi imepauka.* Mwanga hautoshi. Hapa hakuna ugomvi wa mgao kwa sababu hakuna cha kugawana. Sukari yenyewe haipo.

*Maua ni mengi lakini yanaanguka.* Shika kikonyo cha ua moja. Katikati yake utaona kifundo kilichovimba kidogo. Mmea ukiamua kuliacha ua, hulikatia hapo. Kifundo hugeuka njano kwanza, kisha ukiligusa ua kwa kidole linadondoka bila kuvutwa. Sababu huwa chavua (unga wa dume wa ua) haikushika, au maji yamekosekana, au baridi ya usiku, au mwanga mdogo wa siku nyingi za mawingu. Goma iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na nyanya huanza kupata shida ya chavua usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 hivi. Kwa kawaida hatufiki huko, lakini usiku wa mvua kwenye parseli iliyo wazi kwa upepo tunakaribia.

*Matunda ni mengi, yote madogo, hayakui.* Mmea ulikubali mimba nyingi kuliko majani yake yanavyoweza kulisha. Nenda hatua ya 8.

Andika dalili uliyoona. Usianze kurekebisha vitu vinne kwa siku moja, la sivyo hutajua ni kipi kilichosaidia.

Hatua ya 3: Rekebisha chakula cha udongo

Kwa gunia jipya: weka changarawe ya volkano chini, upana wa vidole vinne, kisha mchanganyiko wa udongo sehemu 3 na samadi iliyooza sehemu 1. Ongeza kiganja kimoja cha majivu kwa lita 20 na uchanganye vizuri. Liache wiki moja kabla ya kupanda.

Majivu yana potasiamu, na potasiamu ndiyo inayosaidia sukari kusafiri kutoka kwenye jani hadi kwenye tunda. Yana kalsiamu pia. Hayana nitrojeni, kwa sababu hiyo ilikwenda na moshi, na kwa mmea uliojaa majani hiyo ni faida.

Onyo: usichanganye majivu na samadi mbichi. Majivu huifukuza nitrojeni ya samadi hewani kama amonia. Ile harufu kali inayopanda puani ndiyo mbolea yako inayoondoka. Wala usizidishe kiganja hicho. Majivu mengi hupandisha magadi ya udongo na mizizi inashindwa kuchukua chuma, majani machanga yanakuwa manjano.

Kwa mmea ambao tayari umejaa majani, acha kabisa samadi na mavi ya kuku. Kichala cha kwanza kikiwa na matunda ya ukubwa wa punje ya haragwe, nyunyiza nusu kiganja cha majivu kuzunguka gunia, mbali na shina, fukia kidogo, mwagilia. Rudia baada ya wiki 3.

*Umefaulu ikiwa:* baada ya wiki 2 hadi 3 majani mapya yanatoka madogo kidogo kuliko ya zamani, hayajikunji, na vichala vinakuja kwa mpangilio. Wengi huogopa wakiona majani yamepungua ukubwa. Usiogope.

Hatua ya 4: Tafuta jua

Nyanya inataka saa 6 za jua la moja kwa moja, angalau. Hapa kwetu, karibu na ikweta, siku ina saa 12 hivi mwaka mzima, na nyanya haijali urefu wa siku ili itoe maua. Inachojali ni wingi wa mwanga. Ukuta wa mawe ya lava ulio upande wa mashariki unaweza kukunyang'anya asubuhi yote.

Sogeza gunia. Hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko shamba.

Hatua ya 5: Ondoa washindani

Hii ni ya nyanya ndefu tu. Kwa Roma na jamaa zake, ondoa machipukizi yaliyo chini ya kichala cha kwanza na uishie hapo.

Tazama pale jani linapoungana na shina. Kwenye kwapa hilo huota chipukizi, na likiachwa linakuwa shina jingine lenye ncha yake, majani yake na njaa yake. Likiwa na urefu wa sentimita 5 au pungufu, lishike kwa vidole viwili, lisukume upande mmoja, kisha upande wa pili. Linavunjika lenyewe. Fanya asubuhi ya jua ili kidonda kikauke siku hiyohiyo. Ukifanya jioni ya mvua unaifungulia mlango mildiu, ugonjwa wa ukungu ambao Kivu haihitaji kukaribishwa.

Likikuponyoka likafika urefu wa mkono, usiling'oe. Kata ncha yake tu, acha jani 1 au 2. Kidonda kikubwa ni hasara kuliko chipukizi lenyewe.

Onyo kubwa: usikate majani ili "matunda yapate nguvu". Nimeona bustani nzima Keshero iliyonyolewa hivyo, vichala vinaning'inia kwenye mashina matupu. Kichala hulishwa zaidi na majani yaliyo karibu nacho, lile la juu yake na yale ya chini yake. Ukiyakata hayo umekata mkono unaokilisha, na jua linachoma ngozi ya tunda mpaka inaweka doa jeupe. Majani unayoruhusiwa kuondoa ni yaliyogeuka njano, yenye ugonjwa, au ya chini kabisa yanayogusa udongo.

Kuna swali ambalo wakulima hubishana: je, kichala cha kwanza kiondolewe? Maoni yangu ni haya. Kama mmea umetoa ua ukiwa bado haujafika gotini na una majani yasiyozidi 6, kiondoe. Mmea huo unazaa kwa hofu, haujajenga jiko la kupikia. Kama umefika gotini na una majani 8 au zaidi, kiache. Tunda la kwanza linaponenepa hupunguza kasi ya majani, na mmea ulioshiba nitrojeni unahitaji hilo kuliko kitu kingine.

Hatua ya 6: Maji kwa kipimo kimoja

Tunda la nyanya ni maji kwa asilimia 94 hivi, na kalsiamu husafiri ndani ya maji hayo. Gunia likikauka siku mbili kisha ukalimwagia nusu bidoni (dumu) kwa huruma, unapata mambo mawili: matunda yanapasuka, na chini ya tunda panakuwa doa jeusi lililobonyea. Doa hilo si ugonjwa wa kuambukiza. Kalsiamu haikufika.

Toa lita 1 hadi 2 kwa gunia kila asubuhi wakati wa kiangazi, mmea ukiwa na matunda. Siku za mvua, ingiza kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili. Pakiwa na unyevu usimwagilie. Funika udongo kwa nyasi kavu.

Utasikia kwamba kuunyima mmea maji kunaulazimisha kutoa maua. Kwa baadhi ya miti ya matunda kuna ukweli ndani yake. Kwa nyanya ya kwenye gunia, kitu cha kwanza mmea unachotupa ukiwa na kiu ni ua.

Moshi wa volkano ukisukumwa na upepo upande wako, mvua inayopita ndani yake huwa na asidi na huacha madoa ya kuungua kwenye majani. Suuza mimea kwa maji safi mvua ikikatika, na siku za majivu ya volkano usiahirishe mpaka kesho.

Hatua ya 7: Saidia ua kushika mimba

Ua la nyanya lina dume na jike ndani yake. Katikati kuna mrija wa njano uliochongoka. Chavua imefungiwa ndani, na inatoka tu mrija ukitikiswa. Nyuki wa asali hana ufundi huo. Wenye ufundi ni nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, ambao hushika ua na kulitetemesha kwa mngurumo. Ukiwaona kwenye boriti, waache. Ukiwa kwenye parseli iliyozungukwa na kuta, ambako upepo haupiti na nyuki hao hawafiki, kazi ni yako.

1. Subiri saa tatu hadi saa sita asubuhi, umande ukiwa umekauka. Chavua yenye maji hushikana na haitoki.
2. Tafuta maua ambayo petali zake zimejikunja kwenda nyuma. Hayo ndiyo yaliyo tayari. Yaliyofumba bado, yaliyosinyaa yamepita.
3. Gonga kikonyo cha kichala kwa ukucha, nyuma ya ua, mara 5 au 6, haraka na kwa upole. Usilifinye ua lenyewe.
4. Kwa mara ya kwanza, shika simu iliyozimwa chini ya ua, kioo kikitazama juu. Ukiona unga mwembamba wa njano iliyofifia kwenye kioo cheusi, umegonga sawasawa. Usipoona kitu, rudi baada ya saa moja, jua likiwa limekolea.
5. Rudia kila siku au kila baada ya siku moja, kwa sababu maua ya kichala kimoja hayafunguki pamoja.

*Umefaulu ikiwa:* ndani ya wiki moja hivi petali zinakauka lakini zinabaki zimening'inia, kikonyo kinanenepa na kuwa kijani zaidi, na ukizisogeza petali unaona kidude cha kijani cha ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti. Tangu hapo tunda linavuta lenyewe.

*Hujafaulu ikiwa:* kile kifundo cha kwenye kikonyo kimegeuka njano. Usipoteze muda nalo, shughulikia ua linalofuata.

Hatua ya 8: Punguza, kisha kata ncha

Hapa ndipo mikono hutetemeka. Kutupa tunda la kijani kunauma, hasa kwa mama anayejua bei ya nyanya Birere mwezi wa nane.

Gunia la lita 20 linaweza kulisha vizuri vichala 4 au 5 vya nyanya ndefu. Kwenye kila kichala acha matunda 4 au 5 yaliyo karibu na shina na uondoe madogo ya mwishoni yakiwa bado kama punje ya njegere. Ukisubiri yakue, sukari imekwisha tumika na huwezi kuirudisha.

Kichala cha mwisho unachokitaka kikishatoa maua, hesabu majani 2 juu yake, kata ncha hapo. Majani hayo mawili yasikosekane. Ukikata juu kabisa ya kichala hakitakuwa na wa kukilisha kwa juu. Baada ya kukata, mmea utajaribu kuchipua kila kwapa. Pita kila wiki.

Panga tarehe kwa kurudi nyuma. Kutoka ua kufunguka hadi tunda kuiva ni wiki 6 hadi 8, na kwa baridi yetu hesabu 8. Kama mtaani kwako maji ya bomba hukauka mwezi wa saba, ua litakalofunguka baada ya mwanzo wa mwezi wa tano litakuibia tu. Kata ncha kabla.

Hatua ya 9: Pima mgao wenyewe

Si lazima, lakini wanafunzi wa bioloji watapenda, na mkulima atajua ukweli badala ya kukisia.

Chagua mmea mmoja. Kila unapovuna, katakata matunda yake, yakaushe juani kwenye bati safi mpaka yavunjike, na uyapime kwa mizani ya jikoni. Msimu ukiisha, ng'oa mmea wote, osha mizizi, ukaushe vilevile na uupime. Lazima iwe mikavu kwa mikavu. Ukipima tunda bichi unapima maji.

Gawanya uzito wa matunda makavu kwa uzito wa vyote kwa pamoja. Mmea uliotunzwa vizuri huweka karibu nusu ya uzito wake mkavu kwenye matunda. Ukipata robo au chini yake, rudi kwenye dalili ulizoandika hatua ya 2. Pima na yale majani uliyoyaondoa njiani, kama uliyahifadhi, la sivyo hesabu itakudanganya kwa kukupendelea.

Mimea mingine, kwa kifupi

Lenga-lenga (mchicha) ni kinyume cha nyanya: unataka jani, hutaki mbegu. Kata ncha mara tu unapoona shada la maua linaanza, kwa sababu tangu hapo mmea huhamisha chakula kutoka majanini kwenda kwenye mbegu na majani yanakuwa magumu. Hapa mavi ya kuku, yakiwa yameoza, yana kazi.

Maharagwe ya kupanda fimbo yakitiwa samadi nyingi hurefuka na kuchelewa kutoa maganda. Mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaoipatia nitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo yanahitaji kidogo. Ukichuma majani kwa ajili ya mboga, chuma kabla ya maua. Ukichuma wakati maganda yanajaa, unaila mbegu kabla haijawa mbegu.

Maboga: maua ya kwanza kuanguka si hasara. Ni madume, hutangulia. Ua jike lina kiboga kidogo chini ya petali, nalo hufuata baadaye.

Ndizi huzaa mara moja kwa kila mgomba. Kichane cha mwisho kikishajitokeza, tumba la dume linaloning'inia chini halitaongeza ndizi hata moja, na wadudu wanaolitembelea huleta mnyauko wa bakteria unaokausha mashamba mengi ya Kivu. Livunje kwa fimbo yenye panda, ukilizungusha mpaka likatike. Usitumie panga: panga lililokata mgomba mgonjwa hubeba ugonjwa hadi mgomba unaofuata.